Nilifunga Dirisha Vanishi Isiharibike

Mimi ndiye niliyefunga dirisha. Nianze na hilo, kwa sababu nimelizunguka kwa miezi mingi nikilaumu mvua, nikilaumu vanishi, hata nikimlaumu Mungu. Dirisha halikujifunga. Nililifunga mimi kwa mikono hii, kwa misumari na karatasi ya nailoni, na dada yangu alikuwa ndani.

Nimewahi kusoma makosa ya wenzangu kwenye ukurasa huu nikatikisa kichwa, nikajiambia watu wengine hawana akili. Leo tikisa chako. Nimestahili.

Nina miaka arobaini na minne. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka nyumbani kabla hata matokeo hayajatoka. Nimeishi Nakuru, Busia, Mombasa, nikarudi juu Kericho, nikashuka tena. Mahali pakianza kunizoea, miguu inaniwasha, nafunga begi. Na ajabu ni kwamba kokote nilikokuwa, usiniulize kwa nini, nilikuwa naiota Marani tu, kijijini kwetu. Ukungu wa asubuhi juu ya migomba. Udongo mwekundu baada ya mvua ya saa tisa. Sauti ya dada yangu akiniita nikanywe uji.

Huyo dada ndiye aliyenilea. Mama alipokuwa shambani akichuma majani chai, mimi nilikuwa mgongoni mwa dada. Ananizidi miaka tisa. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, watoto wake wakaenda zao, na muda huo wote alikuwa akiniombea kanisani nirudi. Yeye ni Msabato wa kweli, siyo kama mimi wa kuhudhuria harambee.

Miaka mitatu iliyopita nilirudi. Alinitazama pale mlangoni na lile begi langu, akasema, "Mgeni, karibu. Utakaa siku ngapi?"

Tangu hapo jina likawa hilo. Mgeni. Mgeni, chai iko tayari. Mgeni, viatu vyako vimejaa matope. Nilimwambia, "Dada, safari hii sitoki tena." Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Nilikuwa nimejifunza useremala huko nilikozunguka, nikafungua karakana ya majeneza pale sokoni. Chumba kimoja cha mabati, na veranda mbele. Nilimchukua fundi mmoja, Onsongo, mtu wa rika langu na mdomo wake haulali. Onsongo alipiga randa na kugonga misumari nje kwenye veranda. Mimi nilipaka vanishi ndani. Na dada yangu, ambaye ni fundi cherehani tangu ujana wake, nilimwomba aje ashone kile kitambaa cheupe cha ndani, mto na pazia lake.

Alifurahi! Nakumbuka alivyopakia cherehani yake kwenye bodaboda, akatembea nyuma yake kama anasindikiza bibi harusi.

Mwanzoni alishonea kwenye veranda. Lakini vumbi la mbao lilitua kwenye satini, na mvua ikinyesha, tope jekundu lilirukia kitambaa. Nikamwambia aingize cherehani ndani. Ndani ndiko nilikopaka vanishi. Sasa unaanza kuona.

Ngoja nikueleze kuhusu vanishi. Ukiipaka wakati hewa imejaa unyevu, inageuka nyeupe. Jeneza zuri la rangi ya kahawia linapata ukungu kama limemwagiwa maziwa, na kazi yote ni ya kurudia. Kwetu mvua inakuja karibu kila alasiri. Halafu familia nyingi za kwetu ni za Kisabato. Jua la Ijumaa likizama hakuna anayegusa kazi, hakuna anayekuja kuchukua jeneza. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikuwa nakimbizana na vitu viwili, wingu na jua.

Nikajiona mjanja. Kwanza, nikaziba dirisha kwa nailoni, nikasukumia gunia chini ya mlango ili hewa ya mvua isiingie. Pili, nikaleta ujuzi niliookota Busia kwa fundi mmoja wa vitanda: vanishi nilikuwa naikata kwa thina ili iwe nyepesi, nikaanza kuongeza petroli. Inakauka upesi sana. Vitambaa vya kupanguzia nikavilowesha petroli hiyo hiyo. Brashi nikazisafishia humo humo, kwenye ndoo iliyokaa wazi kati ya jeneza na cherehani.

Nikuambie ukweli, niliipenda ile harufu. Kwangu mimi petroli ni harufu ya safari. Nikiivuta tu, naona kituo cha mafuta cha alfajiri, begi begani, sijui ninakoenda na sijali. Kichwa kilikuwa chepesi, nikaimba. Nilidhani ni furaha! Kumbe nilikuwa nalewa hewa.

Mimi, hata hivyo, nilikuwa napaka kisha natoka. Naenda kuzungumza na wateja, naenda kutafuta mbao Kisii, naenda kuzurura tu kwa sababu miguu yangu haitulii. Dada alikaa. Kushona kunataka mtu akae.

Siku moja aliniambia, "Mgeni, fungua hilo dirisha kidogo. Macho yananiwasha."

Nikamjibu, "Dada, hewa ikiingia vanishi itakuwa nyeupe. Vumilia, Ijumaa hii tu."

Onsongo akachungulia kutoka nje, pua ameifunika kwa shati. "Wewe bwana, unapika nini humo? Unataka sisi wenyewe tuwe wateja?"

Tukacheka. Hata dada alicheka. Obe! Tulicheka.

Halafu nikafanya lile ambalo mafundi wote wa rangi niliofanya kazi nao wanafanya. Nilimnunulia maziwa. Tuliambiwa kila mahali kwamba maziwa yanaosha kifua, yanakata sumu ya rangi. Kila siku ya kupaka nilimletea dada pakiti ya maziwa, wakati mwingine mtindi wa kibuyu kutoka kwa jirani. Nikajisikia ndugu mwema. Nilimwekea pakiti juu ya cherehani, nikafunga mlango, nikarudisha gunia mahali pake.

Kichwa kikaanza kumuuma. Mara kizunguzungu, mara uzi unamkataa kuingia kwenye sindano. Alikuwa akimeza dawa za maumivu na kuendelea. Lakini kuna jambo alilokuwa akilisema sana, na alilisema kwa furaha: siku ya Sabato kichwa hutulia. Akienda kanisani asubuhi kinauma kidogo, ikifika saa za mchana kimetulia, Jumapili yuko mzima kabisa. Jumatatu akikaa kwenye cherehani, kinarudi.

Alitoa ushuhuda kanisani. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yangu. Alisimama akasema, "Ndugu zangu, Mungu alisema tupumzike, na mimi napumzika mpaka kichwani. Siku yake hainiachi niumwe." Watu wakasema amina. Nami nikasema amina.

Nilikuwa na akili ya kidato cha nne! Nilijifunza kemia, hata kama nilipata alama ya aibu. Mtu anaumwa siku tano za kuwa chumbani na kupona siku mbili za kutokuwa chumbani, na mimi nikasema amina.

Mwaka wa pili ukafika. Dada akaanza kuchoka. Siyo kuchoka kwa kazi, la. Alikuwa akipanda kile kilima cha kwenda nyumbani na kusimama mara tatu. Mapajani akapata alama za bluu, kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Akipiga mswaki, fizi zinatoa damu. Nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Aliangalia kiganja cha dada, akavuta kope la chini, akasema damu yake iko chini. Kisha akaanza kuuliza maswali.

"Mama, kuna siku unajisikia nafuu?"

"Ndiyo, daktari. Sabato."

Yule msichana alitabasamu. "Jumamosi peke yake?"

"Na Jumapili kidogo. Mungu hunipumzisha."

Daktari aliacha kuandika. Nakumbuka kalamu ilivyosimama. "Unafanya kazi gani mama?"

Nikaingilia mimi. Yeye ndiye aliyeulizwa, lakini mimi ndiye niliyejibu. "Ni fundi cherehani."

"Mahali anaposhonea kuna rangi? Gundi? Mafuta ya petroli?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Swali lilikuwa wazi, kama mlango ulioachwa wazi nipite.

Nikasema, "Hapana daktari. Ni nguo tu."

Dada alinigeukia. Kisha akatazama mikono yake.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Niliogopa maofisa waje wafunge karakana. Lakini hiyo siyo sababu ya kweli. Sababu ya kweli ni aibu. Niliogopa watu wa soko waseme, huyu alipotea miaka ishirini, akarudi kumuua aliyemlea. Kwa hiyo nikachagua afe bila mtu kusema. Ndivyo nilivyofanya, ukiondoa maneno mazuri yote.

Tulipewa vidonge vya kuongeza damu, tukarudi nyumbani. Nikamwambia apumzike. Akapumzika siku nne, akarudi kwenye cherehani. Sikumzuia. Nilifungua dirisha juma moja, jeneza moja likaharibika rangi, nikalifunga tena.

Umesoma vizuri. Nililifunga tena!

Miezi mitatu baadaye, Ijumaa moja alasiri, mbingu imeshuka mpaka kwenye mabati, jeneza la mzee mmoja wa huko Nyamira linasubiriwa kabla jua halijazama. Nilikuwa napaka vanishi mkono wa mwisho. Nikasikia cherehani imenyamaza. Nilipogeuka, dada ameinamisha kichwa, damu inatoka puani, inadondoka kwenye satini nyeupe. Haikukatika. Alikuwa anajaribu kuisogeza ile satini isichafuke.

"Mgeni," akasema, "nimekuharibia kitambaa."

Onsongo aliingia mbio, akalipiga teke lile gunia, akaufungua mlango wazi, akambeba dada kumtoa nje kwenye mvua. Alinifokea, "Wewe ni mtu wa namna gani? Hii nyumba inachoma koo kama pilipili!"

Alimpeleka hospitali Kisii kwa teksi. Na mimi? Hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Mimi nilibaki. Nilijiambia ni dakika chache tu, wenye jeneza wako njiani. Nilikata kile kipande chenye damu, nikashona kingine, vibaya, kwa mkono. Jeneza likatoka kwa wakati wake. Kile kipande bado ninacho.

Nilipofika Kisii jua lilikuwa limeshazama. Dada yuko kitandani, mweupe midomoni kama unga. Wakamwongezea damu. Kesho yake wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kuchukua uboho, wakapeleka kupimwa. Siku za kusubiri nilikaa kwenye benchi la nje, nikihesabu barabara zote ninazozijua za kutoka Kisii.

Daktari wa pale, mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu, alinichukua pembeni majibu yalipokuja: mifupa ya dada haitengenezi tena damu ya kutosha. Akauliza lile lile swali. Safari hii mdomo ulifunguka. Nikamwambia yote: thina, petroli, ndoo, nailoni, gunia. Nikamwambia na yule daktari wa kwanza niliyemdanganya. Nikamwambia hata maziwa.

Alivua miwani. "Maziwa yanaenda tumboni," akasema. "Hewa inaenda kwenye mapafu. Yatakutana wapi?"

Akanieleza pole pole. Kwenye petroli kuna kitu kinaitwa benzini. Hukioni. Kinapanda hewani petroli ikikaa wazi, na ukikivuta kinaingia kwenye damu, kinafika mpaka ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa. Huko kinaharibu kiwanda chenyewe. Ukivuta kidogo kidogo kwa muda mrefu, damu inapungua, mtu anachoka, anavuja damu, anapata magonjwa madogo yasiyopona, na wengine hupata saratani ya damu. Ndugu zake walio kwenye thina na gundi ndio wanaoleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, na wao wanaharibu ubongo na neva. "Kichwa kilikuwa kinawapigia kelele," akasema. "Nyinyi mkakipa dawa ya maumivu."

Nikamuuliza, ningesema ukweli mara ya kwanza ingekuwaje? Alivaa tena miwani. "Siwezi kuapa kwamba ni petroli iliyoanzisha," akasema. "Lakini angetoka mle chumbani miezi mitatu mapema. Kwa kiwanda kinachobomoka, miezi mitatu si kidogo."

Dada aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilivunja karakana. Sikuiuza, niliivunja, bati kwa bati. Siku hiyo hiyo nikafunga begi.

Ndiyo. Nilifunga begi. Mtu mwenye tabia yake hashindwi kuirudia. Nilijiambia nitaenda Nakuru, nitamtumia pesa za matibabu, nitakuwa nampigia simu. Nilienda kumuaga nikiwa nimepanga kusema uongo wa mwisho.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, mkeka chini, anachambua mboga ya chinsaga kwa vidole vilivyokonda. Aliliona lile begi. Hakuliulizia.

Nikaangua kilio. Mimi, mtu mzima! Nikamwambia, "Dada, nilijua. Nilijua kwamba ile hewa si nzuri. Nikamdanganya daktari mbele yako."

"Nilikuwepo," akasema. "Nilisikia."

"Kwa nini hukunikatalia? Ungesema tu, mbele ya daktari."

Akatupa jani bovu kwa kuku. "Ningesema, wangefunga karakana. Wangeifunga, ungefunga begi. Nilikuombea miaka ishirini urudi, halafu nikufukuze kwa sababu ya kichwa kuuma?"

Niliketi ukingoni mwa mkeka, begi bado begani.

"Lile dirisha," akaendelea, "nilikwambia ufungue mara moja tu. Uso wako ulibadilika kama wa mtu anayetafuta barabara. Nikasema, yaya, hapana, sirudii tena. Kichwa nitakivumilia."

Ndugu msomaji, nimepigwa na polisi Mombasa, nimelala njaa Busia. Hakuna kilichowahi kuniuma kama hayo maneno. Alikuwa akivuta ile sumu ili mimi nibaki nyumbani. Na wakati yeye anakaa pale akiivuta, mimi niko nje nazurura.

Nikamwambia, "Dada, nisamehe."

Akasema, "Weka hilo begi ndani, mvua inakuja. Halafu uje unisaidie hii mboga, mikono imechoka."

Niliweka begi ndani. Lipo mpaka leo, juu ya kabati, nimelitoa mkanda wake na kuufanya kamba ya mbuzi.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Sasa nalima migomba yake na kuuza ndizi. Kila baada ya majuma matatu nampeleka Kisii kuongezewa damu. Watu wa kanisa lake wamejitolea, mmoja mmoja, hata Onsongo ambaye ni Mkatoliki alikunja shati akasema, "Chukueni, lakini msimwambie padri niliwapa Wasabato." Dada alicheka mpaka akakohoa. Mimi damu yangu haikulingana na yake. Hata hilo sikustahili kupewa.

Jumamosi iliyopita niliketi naye kanisani, mbele kabisa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kichwa kinauma. Akasema hapana. Siku hizi hakimuumi siku yoyote, Jumatatu wala Ijumaa. Kila siku kwake imekuwa kama Sabato. Damu ndiyo haijarudi. Daktari anasema tungoje, kuna mifupa inayozinduka na kuna isiyozinduka.

Sasa wewe unayesoma hapa, fundi wa viti, mshona viatu wa gundi, fundi wa rangi za magari, wewe unayeuza petroli kwa chupa ukilala nayo chumba kimoja na watoto: toka nje! Paka rangi kwenye upepo. Rangi ikigeuka nyeupe, iache iwe nyeupe, utaipaka tena kukicha. Petroli ni ya injini, si ya kuoshea mikono wala ya kukatia vanishi. Chombo chake kifunike. Maziwa wape watoto wanywe na chai.

Na kama una mtu anayefanya kazi nawe, akakwambia anaumwa siku za kazi na kupona siku za mapumziko, usiseme amina. Mfungulie mlango siku hiyo hiyo. Na mkifika kwa daktari, akiulizwa kazi yake, mwache ajibu mwenyewe.